Kidole cha Fundi wa Ndege

Pale kiwanja cha ndege cha Malindi, fundi mmoja kila akimaliza kukaza nati hufuta mikono, akafumba macho, akazigusa zote moja moja kwa kidole, huku akiimba kwa sauti ya chini. Rubani Fumo humwona mcheleweshaji tu. Asubuhi moja, jamaa za bibi harusi wakingoja kupelekwa Lamu, kidole cha fundi kilisimama mkiani mwa ndege.

“Nani kafunga waya mahali pa pini ya usukani?”

“Mimi, juzi,” akasema Fumo. “Waya huo utatufikisha tu, fundi.”

Fundi aliuvuta kwa vidole viwili, ukakatika. “Haya, mmefika.”

Fumo aliwatazama wale abiria wake tisa.

“Tengeneza, mwanangu!” akaita Bi Kuluthumu, shangazi wa bibi harusi. “Bwana harusi tumemngoja miaka minne, naye atungoje!”

Wote wakacheka. Fumo akavua kofia, akaenda kumshikia fundi tochi.