Sweta ya Marehemu

Juzi, kwenye saiba moja ya Karatina, duka la kompyuta na uchapishaji, mjane kutoka Endarasha alikuja kuangalia kijitabu cha mazishi ya mumewe. Dada wa kompyuta alikuwa amemvisha marehemu suti na tai kwenye picha. Nami kwenye foleni nikasema imemkaa vizuri.

"Huyu ni nani?" mama akauliza, akiifunika tai kwa kidole. "Mzee wangu alikuwa na sweta. Mrudishie."

Dada akatafuta, kisha akainamisha kichwa. "Pole sana mama. Ile picha ya kwanza niliifuta."

Ilikuwa imetolewa kwenye kitambulisho cha mzee, na kitambulisho mama alikirudisha serikalini alipochukua kibali cha kuzika. Picha nyingine hakuna.

Mama akaondoa kidole kwenye tai. "Basi toa picha. Weka jina peke yake. Ama hilo pia umebadilisha?"