Nilienda kupimwa mguu bandia na viatu vya kuazima, mama akalima misimu miwili kwa ajili yangu

Wakuu, habari za mchana.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mtu aliuliza mguu bandia upi ni mzuri, na majibu yote yakawa ya bei na nchi unakotengenezwa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaishi wapi na kila siku anakanyaga nini. Nikashindwa kulala na hilo jambo.

Haya nitakayosimulia yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Na pale ninapoonekana mjinga, niacheni hivyo hivyo, maana nilikuwa mjinga kweli.

Mimi ni Mgogo, mtu wa Kongwa, kijiji cha ndani kidogo. Mguu wa kushoto nilikatwa chini ya goti nikiwa na miaka ishirini na minne.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wenye umri wangu mnakumbuka, ushirika ulikuwa umelegea, wafanyabiashara binafsi ndio wameanza kuingia vijijini na malori kununua alizeti na mahindi. Vijana tukapata kazi ya kupakia magunia.

Siku moja tunaondoka na mzigo, mimi nimekaa juu ya magunia, lori likaacha njia likaingia korongoni. Bodi la lori likanikalia mguuni. Nilipozinduka hospitali, mguu ulikuwa umeshakwenda.

Ya hospitali sitawachosha nayo. Niseme tu kwamba baba alikuwa amefariki zamani. Kaka yangu mkubwa alikuwa karani serikalini, anaishi Dodoma mjini, Area D, na mke na watoto. Kijijini tulikuwa mimi na mama, na shamba tulilima wawili. Nilipokatwa mguu likabaki la mama peke yake.

Mama alikuwa ameshapita hamsini. Siku naruhusiwa kutoka wodini nilimwambia, "Mama, nikipata mguu wa bandia, wewe jembe unaliweka chini."

Akacheka. "Haya mwanangu, basi ufanye haraka."

Hiyo ahadi nilimpa mwenyewe, hakuniomba.

Kigutu kilipopona nikaenda Dodoma mjini kwenye karakana ya miguu bandia. Fundi wa pale alikuwa mtu mpole, koti lake limejaa vumbi la plasta. Akanipima, akachukua umbo la kigutu, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, na nije na viatu ninavyovaa.

Akarudia, "Vya kila siku, bwana mdogo. Siyo vya sikukuu."

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibu.

Mimi kila siku nilikuwa navaa katambuga, vile viatu vya tairi la gari. Kijiji kizima tulivaa hizo. Lakini kwetu mtu haendi mjini kwa daktari na katambuga. Hospitali unaenda na nguo ya kanisani. Mama mwenyewe, siku ya kliniki anatoa sandukuni kile kitenge chake kimoja kizuri, anakivaa, akirudi anakikunja tena.

Basi wiki mbili zilipotimia nikalala kwa kaka Area D. Asubuhi akanitazama kichwani hadi mguuni.

"Utaingia na tairi mbele ya wataalamu? Vaa hivi."

Akanipa viatu vyake vya ofisini. Vya ngozi, rangi ya kahawia, vya mtumba ila vimepigwa kiwi vinang'aa, kisigino kimeinuka vidole viwili hivi. Cha kulia nikavaa, cha kushoto nikakibeba kwenye mfuko wa rambo. Nilijiona mtu.

Kule karakana fundi alikuwa ameweka nyayo mbili za bandia mezani. Wa kwanza mwembamba, mwepesi, laini, ndani mbao na nje sponji. Akasema huo unaingia vizuri kwenye kiatu, lakini lazima uvaliwe na kiatu, na kisigino kiwe cha urefu uleule siku zote, maana mguu mzima unapangwa kufuata kisigino hicho. Wa pili ulikuwa mnene, mzito, wa mpira mgumu. Huo unakanyaga nao chini hata peku, hata kwenye maji, ila kwenye kiatu cha ngozi huwezi kuuingiza.

Akaniuliza, "Unalima?"

Nikasema, "Kidogo."

"Na hivi ndivyo viatu vyako vya kila siku?"

"Ndiyo."

Nikanyoosha kidole kwenye unyayo mzuri.

Nimeyafikiria hayo majibu mawili kwa miaka mingi kuliko mnavyodhani. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu alinipa nafasi ya kusema ukweli mara mbili, na mimi niliona aibu.

Siku ya kukabidhiwa, na viatu vilevile vya kaka, nilitembea kwenye korido ya sementi, manesi wakapiga makofi. Kweli nilitembea vizuri. Goti limetulia, mwili umenyooka, hata fimbo sikuitaka.

Jioni nikamrudishia kaka viatu vyake, maana Jumatatu anavitaka ofisini. Kipindi kile wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na kaka aliamini asiyependeza ndiye anayeanza kuondoka. Sikuona tatizo. Nilidhani mguu ni mguu.

Nikavaa katambuga zangu, nikapanda basi kurudi Kongwa. Kutoka stendi hadi nyumbani nilianguka mara mbili, zote chali.

Niwaeleze wasiojua. Mguu ukipangwa kwa kisigino kirefu, halafu ukavaa kitu bapa, wote unalala nyuma. Kila hatua goti linasukumwa kurudi nyuma, unajisikia unapanda mlima ilhali uko tambarare. Na ule mfupa wa mbele wa kigutu unasagwa kwenye kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, siku nzima.

Nikajifanya fundi. Nikakata vipande vya tairi, nikavipigilia misumari chini ya kisigino cha katambuga ya kushoto, tabaka tatu. Nyumbani nikatembea kidogo. Shambani zile tabaka zikazama kwenye udongo, nikaanguka tena.

Nikaenda mnadani nikatafuta viatu vya mtumba vinavyofanana na vya kaka. Nilivyopata visigino vyake vilikuwa virefu zaidi, goti likawa linakunjika lenyewe mbele, nikaanguka kifudifudi mbele ya wauza mbuzi. Walinicheka, halafu wakaniinua, halafu wakanyamaza. Kile kimya kiliniuma kuliko kicheko.

Mvua zikaanza. Mama akachukua jembe.

Nilimfuata siku ya kwanza. Udongo ukishachimbwa ni laini, ule unyayo ulikuwa hauna pa kushika. Nikainua jembe, nikaanguka. Nikainua tena, nikaanguka. Mama akasema, "Kaa tu chini ya kivuli mwanangu, utazoea." Nikakaa. Nikamtazama mama yangu akilima mistari yangu na mistari yake.

Msimu huo ukaisha hivyo. Na msimu uliofuata.

Mtauliza kwa nini sikurudi kwa fundi. Ningemwambia nini? Kwamba viatu havikuwa vyangu? Kwamba nilimdanganya mtaalamu aliyenihurumia? Nilikuwa naona bora niumie. Kidonda kikatokea mbele ya kigutu, nikawa nakifunga kitambaa na kuvaa soksi juu. Kumbe aliyekuwa anaumia zaidi siyo mimi.

Mama alianza kulala kifudifudi kwa sababu ya mgongo. Asubuhi anatoka mlangoni ameinama, na nyumba yetu ya tembe mlango wake ni mfupi, kwa hiyo sikushangaa. Akifika nje anabaki vilevile ameinama. Mimi naliona hilo, nanyamaza.

Mwisho wa msimu wa pili alikuwa anafua nguo akakuta soksi yangu ina usaha na damu. Akaja akakaa mbele yangu, akanivua mguu mwenyewe, akakitazama kidonda muda mrefu.

"Huu mguu walikupa wa nani?" akauliza.

Nikamwambia yote. Viatu vya kaka, unyayo wa pili mezani, yote. Nilikuwa mwanaume mzima na nililia mbele ya mama.

Kesho yake tukaenda karakana. Safari hii mama hakufungua sanduku. Alivaa khanga yake ya shambani, na mimi akaniamuru nivae katambuga.

Fundi akamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia "Marahaba," kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mbele ya wagonjwa wote, "Baba, huyu mtoto alikudanganya. Viatu vile ya kaka yake. Yeye iko mkulima. Mpe mguu ya mkulima."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Fundi hakunigombeza. Alifungua kitambaa cha kidonda, akaita daktari. Daktari akasema ningechelewa kidogo tu, maambukizi yangeingia kwenye mfupa, na goti ningelisahau. Wenzangu mnaojua, mwenye goti na asiye na goti ni watu wawili tofauti kabisa kwenye maisha.

Nilikaa na magongo hadi kidonda kilipofunga. Kisha fundi akanitengenezea mguu mwingine. Akaniomba katambuga zangu, akazishika mkononi akazigeuzageuza bila kucheka, akapanga mguu kwa hizo.

Kabla hatujaondoka alimwambia mama, "Na mimi nina kosa. Niliona mikono yake ina sugu za jembe, nikaamini viatu."

Huo unyayo wa mpira ni mbaya kwa sura, sitawaficha. Mzito, jioni paja linachoka. Suti yangu ya harusi nilivaa na katambuga, na kwenye picha mpiga picha alinikata miguu makusudi. Ukitaka kazi ya ofisini na viatu vya ngozi, huu haukufai, chukua ule mwembamba, nao ni mguu mzuri kwa mtu wake.

Lakini mimi natembea nao kwenye tope. Natoka nje kujisaidia bila kutafuta kiatu. Ukweni kwangu ni Kolo, kule Kondoa, watu wanavua viatu mlangoni, na mimi navua nakanyaga mkeka kama wao. Shambani unatandaa juu ya udongo, hauzami.

Mvua za mwaka ule niliamka kabla ya mama, nikaenda shamba peke yangu. Alipofika nilikuwa nimemaliza mistari minne. Nikamwambia, "Mama, jembe liweke chini."

Akaliweka. Akajaribu kunyooka anitazame, akashindwa. Akanitazama vilevile, kutoka chini, kichwa amekigeuza upande.

Mgongo wake haukunyooka tena, wakuu. Tulimpeleka kwa madaktari, kaka akahangaika, wapi. Mimi fundi alinibadilishia mguu. Mgongo wa mama hakuna karakana inayoutengeneza.

Aliishi miaka kumi na moja mingine, ameinama. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na ningefurahi kama angenilaumu.

Siku ya kumzika, wanaume walikuwa wanapokezana koleo kama ilivyo desturi. Ilipofika zamu yangu kaka akasogea anishike, maana udongo wa pembeni ya kaburi ulikuwa laini. Nikamwambia aniache. Nikamfukia mama yangu mpaka mwisho bila kumpa mtu lile koleo, na mguu haukuteleza hata mara moja. Nililia kwa sababu yeye amekufa, na nililia kwa sababu mguu ulikuwa imara.

Nilichojifunza ni hiki. Ukienda kupimwa mguu, au ukimpeleka ndugu yako, nenda kama ulivyo. Na viatu vyako vibovu, na miguu yenye vumbi. Mwambie fundi unalima, unachunga, unakaa chini kwenye mkeka, choo chako ni cha shimo. Ukificha maisha yako, utapewa mguu wa maisha ya mtu mwingine, na gharama yake inaweza kumwangukia mtu ambaye hata hakuwepo chumbani.

Mafundi kama mmo humu, msiishie kutazama viatu.

Wenzangu wenye vigutu, uwanja ni wenu. Mnatembea na unyayo gani, na ni nani alibeba jembe lenu mlipokuwa hamuwezi? Kama mtu huyo bado yupo hai, mpigie simu kwanza, halafu ndiyo uje ku-comment.