Nilivyomlinganisha Mkamwana Wangu

Natamani ningekataa siku ile mjukuu wangu Neema aliponiomba nimfundishe kulinganisha vitu kwa Kiingereza. Tangu mke wangu afariki nilikuwa nikiishi kwa mwanangu hapa Gare, na mkamwana wangu, mama yake Neema, ndiye aliyenipikia na kunifulia; mdogo wake wa kike aliishi jirani nasi. Nilikubali kwa majivuno. Nani mwingine pale nyumbani alikuwa amemaliza kidato cha nne?

Mifano ya kitabuni, tembo na sungura, niliiona ya kitoto. Nikamwandikisha ya nyumbani, nikijua mama yake hajui Kiingereza.

Siku ya wazazi shuleni nilikaa mstari wa mbele, nimevaa koti langu la kanisani. Neema akasoma sentensi zake za Kiingereza bila kukwama, nami nikapiga makofi kuliko wote. Mwalimu akafurahi. "Sasa tafsiri, wazazi nao wafaidi."

Neema akatafsiri kwa sauti kubwa. "Ugali wa mama ni mgumu kuliko wa mama mdogo. Mama mdogo analima haraka kuliko mama. Nyumbani kwetu, mama ndiye mvivu kuliko wote."

Watu wakaangua kicheko. "Neema, na sisi tulinganishe basi!" jirani mmoja akapaza sauti.

"Nani kakufundisha, mwanangu?" mkamwana wangu akauliza.

"Babu."

Akanigeukia, akainama kwa heshima. "Shikamoo, baba. Kumbe miaka minne yote nakulisha mawe."

Wiki ileile mwanangu alinirudisha kwenye nyumba yangu ya zamani. Najipikia mwenyewe, na Neema haji tena.