Chupa za mdogo wangu zimeoshwa

Kosa la wengi ni kuosha chupa za marehemu kabla ya kuuliza zilikuwa na nini.

Leo, hapa Bariadi, tumemaliza matanga ya mdogo wangu, mkemia. Binti yake Kabula akanionyesha chupa za baba yake dirishani.

"Baba mkubwa, ona zinavyong'aa! Ile yenye kitu kama gundi niliisugua kwa majivu. Tutazitilia samli."

Ile "gundi" ilikuwa na molekuli zenye matawi, mfano wa mpamba. Mdogo wangu alihangaika nazo tangu ujana ili zibebe dawa mwilini.

Ndiyo pekee iliyokuwa imebaki. Hakuna mwingine anayejua kuitengeneza.

Nikaishika chupa. Safi kweli.

"Samli usitie, mwanangu. Ilikuwa ya kemikali." Mengine nikayameza.

Ninyi mngemwambia?

Leo, andikeni jina la kilichomo kwenye kila chupa mliyoihifadhi.