Skrini ya Pili

Wivu wa wifi yangu Mwahija hauna kelele. Siku kaka yangu Likwata alipomwoa Fauzia wa Masoko, watu walikuja hapa Kitomanga kumtazama Mwahija kama watu wanaokwenda kutazama ajali, wakamkuta anapepeta mchele. Akawapa viti, akawapa maji, akawauliza habari za watoto. Waliondoka wamenuna. Lakini mimi naishi naye ukuta kwa ukuta, na jioni ile ile aliniita akaniuliza swali moja tu: "Wifi Esha, hivi huko Masoko kaka yako kampangia vyumba viwili au vitatu?"

Tangu hapo maisha yake yakawa ya kulinganisha. Kaka anajivunia sana uadilifu wake. Akinunua kitenge ni pande moja linalokatwa katikati, ndoo ni pacha, sufuria ni pacha. Alipoleta feni, alileta mbili, moja ya huku na moja ya kule. Mwahija akaipokea ya kwake, akashukuru, halafu akataka kujua ya kule ina mapanga mangapi. Kaka akasema matatu, kama hii. Kwa siku nyingi nilimwona Mwahija akiitazama ile feni kwa jicho la kutoiamini.

Simcheki. Nami ni mwanamke, ingawa mume wangu hajawahi kuwa na uwezo wa kuniletea mwenza, na sidhani kama kuna anayemtaka.

Kaka ana kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Anapakia pweza wakavu na dagaa Masoko, anauza minadani mpaka Lindi, kwa hiyo zamu zake zimefuata barabara: siku kadhaa kwa Fauzia, siku kadhaa kwa Mwahija. Binti yao wa hapa, Adija, anasoma bweni. Kaka akiwa zamu ya Masoko, Mwahija anabaki na nyumba peke yake na mawazo yake, na mawazo ya mwanamke mwenye mwenza hayakai nyumbani. Yanasafiri kuliko hiyo kirikuu.

Kilichomuuma zaidi si feni. Zamani, kabla ya Fauzia, wale wawili walikuwa wanazungumza. Nilikuwa nawasikia wanabangua korosho na kubishana, leo kuhusu nani aliyemroga nani, kesho kuhusu bei ya salfa ya mikorosho, mpaka mume wangu anagonga ukuta kuwaomba watuache tulale. Baada ya ndoa ya pili kaka akawa anafika amechoka. Anakula, anaitikia "mh", anaoga, analala. Ugomvi haukuwepo. Mazungumzo nayo hayakuwepo.

Kilichorudisha mazungumzo ni televisheni. Kwenye king'amuzi kulikuwa na tamthilia ya familia moja yenye hoteli, ambamo mjane anagombana na shemeji yake anayetaka kumfukuza. Mwahija alikuwa upande wa mjane. Kaka akajiweka upande wa shemeji, kwa makusudi, ili amchokoze. Nikaanza tena kusikia sauti zao ukutani. "Huyo mjane wako ana tamaa!" "Tamaa ni ya huyo shemeji yako, ana macho kama mla rushwa!" Basi watacheka, watarushiana maneno, na chakula kitaliwa chote. Mwahija aliniambia waziwazi, hata hakuona aibu: "Wifi, yule mjane akiniondokea, na kaka yako ameniondokea."

Na mjane akaondoka. Msimu wa kwanza ulipoisha, yakaandikwa maneno chini ya kioo kwamba msimu wa pili utapatikana kwenye intaneti tu. Mwahija alikaa akiyatazama maneno yale mpaka yakapita. Kesho yake aliniletea korosho za kukaanga, nikajua anataka nimpekulie kitu kwenye simu.

Ndipo tukaanza kulinganisha vifurushi, mimi, yeye na kaka, tumekaa mkekani na simu katikati. Zilikuwepo programu tatu za kuonyesha filamu, na kwa kuwa majina yake yanauma ulimi, Mwahija aliziita kwa rangi. Ya bluu unalipia kwa siku, ina mpira na filamu za nyumbani, lakini watu wa hoteli hawamo. Ya kijani inakuja pamoja na bando la laini, ni rahisi, ila inaonyesha kwenye simu tu, haipandi kwenye televisheni. Ya nyekundu ni ghali kuliko zote, unalipia mwezi mzima, lakini ina watu wa hoteli, tena wametiwa sauti za Kiswahili.

"Nyekundu," alisema Mwahija.

Nikaendelea kusoma. "Na inaruhusu skrini mbili kwa wakati mmoja."

Kaka alikuwa amejilaza ubavu. Akaketi. "Mbili?"

"Mbili. Nyumba moja wanaweza kuangalia hiki, na wengine mahali pengine wakaangalia kile, kwa malipo yale yale."

Nilimwona Mwahija uso unavyobadilika. Alijua papo hapo ile ya pili ni ya nani.

"Ya bluu nayo si mbaya," alisema haraka. "Ina mpira."

Maisha yake yote Mwahija hajawahi kuutetea mpira. Anauita wanaume kufukuzana. Lakini kaka alikwisha amua. Alikuwa anatabasamu peke yake, mtu aliyepata haki iliyokamilika kwa malipo mamoja. "Skrini moja huku, skrini moja kule," alisema. "Nani tena atasema nimependelea?"

Akanunua ruta ndogo mbili za kuwekea laini, pacha kama kawaida yake. Programu ile inakubali kila mtu aandike jina lake na awe na upande wake, lakini kaka hakulijua hilo wala sisi hatukulijua. Aliandika Likwata, basi, na wote wakawa wanaingilia mlango mmoja.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Zamu ya Mwahija ikifika, anapika mapema, wanakaa, mjane anaendelea kuteseka, kaka anaendelea kumtetea shemeji. Kaka akienda Masoko, Mwahija haigusi ile tamthilia. Anaangalia mapishi, anaangalia harusi za watu, lakini watu wa hoteli anawaacha pale pale walipoishia, mpaka mwenyewe arudi. Aliniambia ni kama kumwekea mtu chakula: huli nyama yote halafu ukamwachia mchuzi.

Sasa, chini ya kila picha kwenye ile programu kuna mstari mwekundu unaoonyesha mtazamaji ameishia wapi. Siku moja usiku Mwahija akaja kwangu bila kuvaa viatu.

"Wifi, mstari umetembea."

"Mstari gani?"

"Tuliuacha sehemu ya sita, mjane yuko mlangoni kwa wakili. Sasa hivi uko sehemu ya tisa."

Nikamwambia labda Fauzia anaangalia peke yake mchana. Akatikisa kichwa. Mchana Fauzia yuko sokoni anauza vitenge vyake. Tena alikuwa ameuchungulia kabla ya magharibi ukawa bado sehemu ya sita, akauchungulia baada ya isha akakuta umetembea, na kaka alikuwa Masoko, kwenye zamu ya Fauzia. "Wamekaa wote," alisema. "Amemketisha pale na mjane wangu."

Nikamwambia ni tamthilia tu. Aliniangalia kwa namna ambayo sijalirudia neno lile.

Kaka aliporudi, Mwahija alipika pweza wa nazi, akawasha televisheni, akarudisha nyuma mpaka sehemu ya sita, wakaendelea. Kesho yake alinihadithia. Hakuwa akiitazama televisheni, alikuwa anautazama uso wa mumewe.

"Alicheka kabla ya kichekesho," alisema. "Halafu wakili alipomgeuka mjane, kaka yako akasema 'Mh, kumbe!' mahali pazuri kabisa. Hapo ndipo iliponiuma. Alivyopajua mahali."

"Si ungemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimwambie nimeibiwa sehemu ya saba?"

Ukimlaza mumeo njaa, wazee wataitwa. Ukimnyima mkeo mmoja zamu yake, shehe ataitwa. Lakini nani ataitwa kwa sababu mume ameangalia tamthilia mara mbili, akajifanya kushangaa? Kaka yangu, najua, aliona anafanya wema. Kila mke ampe mjane wake na mshangao wake, sawa kwa sawa, kama vile vitenge.

Zamu ya Masoko ilipofika tena, nilikwenda kwa Mwahija kuazima kibao cha mbuzi. Nikakuta televisheni inaonyesha filamu ya vita ya watu wa mbali, sauti imezimwa, na chumbani hamna mtu. Mwahija alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo, na pembeni yake simu yake imeegeshwa kwenye kinu inaonyesha katuni.

"Nani anaangalia?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Skrini ni mbili tu, Wifi," alisema bila kuinua macho. "Zote zimejaa."

Nilikuwa bado sijaelewa vizuri simu yake ilipoita, akaiweka spika. Ilikuwa Fauzia, naye ni binti mwenye adabu, siwezi kumsingizia. "Shikamoo dada. Samahani, huko kwenu inaonyesha? Huku inasema watazamaji wamezidi."

"Marahaba mdogo wangu. Hata huku inasumbua tangu asubuhi. Mtandao huo." Nyuma yake, kupitia mlango wazi, mizinga ilikuwa inalipuka bila sauti.

Alifanya hivyo zamu nzima. Bando liliisha akanunua jingine. Na ninyi mnaosema wivu unakondesha, mngemwona wifi yangu siku zile. Alikula vizuri, akasuka nywele, akaimba wakati wa kufua. Alikuwa anaiona ile sebule ya Masoko: kaka amekaa, kioo cheusi, Fauzia hana la kumpa.

Kaka akarudi. Niliisikia kirikuu, kisha nikaisikia sauti yake ukutani, na nikashangaa kwa sababu ilikuwa sauti ya zamani. Alikuwa mchangamfu. Mwahija naye lazima alidhani uchangamfu ule ni wa kumkumbuka yeye, maana alianza kumchokoza kuhusu shemeji hata kabla ya kuandaa chakula.

"Kule televisheni ilikataa kabisa," kaka akasema. "Siku zote hizo. Tukawa tunakaa tu tunazungumza."

Upande wa Mwahija nikasikia sahani ikiwekwa chini.

Kaka akaendelea, maskini, hana ubaya hata chembe. Akasimulia Fauzia alivyokulia Kisiwani, jinsi alivyokuwa anavuka kwa boti na viatu vya shule mkononi, jinsi anavyomwigiza nahodha wa boti mpaka yeye kaka alitokwa na machozi kwa kucheka. "Mwanamke mcheshi yule, Mama Adija, na mimi nilikuwa sijui! Tulizungumza mengi. Mpaka nikamhadithia ule moto uliounguza mikorosho ya baba kule Nyangamara."

Hapo niliacha nilichokuwa nafanya. Ule moto kaka hausimulii. Hata mimi dada yake, niliyekuwa mchanga siku hiyo, sijawahi kuusikia kinywani mwake. Duniani alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Mwahija, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na alipomwambia alilia. Mwahija aliwahi kuniambia kwamba mali yake kaka aigawe atakavyo, lakini ule moto ni wa kwake.

Kisha nikamsikia wifi yangu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Basi leo na sisi tusiwashe. Tuzungumze."

Kaka alifikiri. Nadhani alifikiri kweli, kwa moyo safi, kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

"Tuzungumze nini?" akauliza.

Hakungoja jibu.

"Washa bwana, tuone mjane kafikia wapi."

Nikasikia televisheni inawaka.

Zamu iliyofuata ya Masoko, Mwahija alizima simu yake na televisheni yake mapema, akamrushia Fauzia bando, la kutosha siku zote za kaka kule. Na zamu ya baadaye akafanya hivyo tena, na hajaacha mpaka leo. Mwezi ukikaribia kuisha, yeye ndiye anayemkumbusha kaka kulipia ya nyekundu. Fauzia amesimulia Masoko yote, habari zimerudi mpaka Kitomanga, na sasa wanawake wanamtolea mfano: mke mkubwa mwenye roho safi ni Mwahija, anamtazama mwenzake kama mdogo wake wa tumbo moja. Wale wale waliokuja kutazama ajali ndio wanaosema hivyo. Yeye anaitikia, "Ni mapenzi ya Mungu," anaendelea na mchele wake.

Juzi amekuja tena na korosho za kukaanga. Watu wa hoteli wanakaribia kuisha, mjane anakaribia kushinda, na alitaka nimpekulie kwenye simu tamthilia nyingine.

"Tafuta ndefu, Wifi. Yenye misimu mingi. Ile ambayo mtu akishaianza hawezi kusema hebu tuzime kidogo, tuzungumze."

Nikatafuta nikaipata moja, nyekundu ile ile, ndefu kweli kweli. Akauliza kama kila sehemu inaishia pabaya, mtu akitaka kuona ya mbele. Nikamwambia ndiyo. Akaridhika.

"Mtaianza lini na kaka?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya kule," alisema. "Hapa hata tukizima, hakuna cha kuogopa."