Tanuri Nililolifunua Mapema

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Ni siku niliyosimama mbele ya wanafunzi wangu nimeshika nusu ya tofali. Keti nikueleze, maana nimesikia umepata kazi, na nimesikia pia kwamba hupati usingizi kwa kuwaza utakosea wapi. Ugonjwa huo naujua. Mimi ni mgonjwa wake wa zamani. Hata leo nikifunga mlango narudi kuusukuma mara mbili.

Uliniuliza habari za chuo chetu, kile cha ualimu cha wasichana, kilichoendeshwa na masista Wabenedikto huku Shinyanga. Nyinyi mmekisikia kikiwa na majengo. Sisi tulikikuta banda refu la nyasi. Mvua ikinyesha tulihamisha ubao, tukahama na sisi, somo likaendelea. Masista walikuja na kengele, vitabu, na neno lao la sala na kazi. Sala tuliizoea upesi. Kazi ndiyo iliyotushangaza, wala si kwa uzito wake, kwa kuwa msichana wa Kisukuma hafundishwi jembe. Tulishangaa kwamba sista aliyetufundisha hesabu asubuhi, alasiri alikuwa matopeni pamoja nasi, kanzu ameikunja, anakanyaga udongo wa matofali. Kila darasa lililomaliza lilifyatua matofali ya chumba cha wale wanaokuja. Kwa hiyo nikikuambia chuo kile tulikijenga sisi, mwanangu, nazungumzia mikono hii.

Walikuwa na desturi nyingine, iliyotoka katika kanuni ya utawa wao. Aliyevunja kitu hakusubiri kuulizwa. Akivunja sahani, alikwenda na kigae chake bwaloni wakati wa chakula, akasimama mbele ya wote, akasema, "Ni mimi." Basi. Anaambiwa akae, anakula. Masista wenyewe walifanya hivyo. Nilimwona sista mzee, mtu wa kuheshimiwa, amesimama kama mtoto na mpini wa jembe uliokatika.

Nilipomaliza masomo, Sista Mkuu akaniomba nibaki nifundishe. Nilikuwa wa kwanza katika mabinti waliosomea pale kubakishwa kuwa mwalimu. Baba yangu, kibarua mgodini Geita, alitangaza habari hiyo hata kwa watu wasiomuuliza. Mimi furaha yangu haikumaliza juma. Nikaanza kuwaza: nikikosea, watasema mabinti wa huku hawawezi, na hatabakishwa mwingine.

Kazi yangu ya kwanza nje ya darasa ilikuwa kusimamia tanuri la matofali. Fundi wetu alikuwa Mzee Masanja, mtu wa maneno machache na yote yanachoma. Tulichoma magogo siku kadhaa, kisha tukaziba midomo ya tanuri na kulikandika udongo pande zote. Akasema, "Sasa tuliache lipoe lenyewe. Asiliguse mtu mpaka niseme." Msichana mmoja, Kabula, akapewa zamu ya kupita kila asubuhi kukandika panapopata ufa.

Kabula alikuwa hodari, lakini alikuwa ameponea chupuchupu. Alichelewa kurudi likizo, kwa sababu wajomba zake walikuwa wamekwisha zungumza habari za ng'ombe wa mahari yake na watu fulani, akatoroka kuja shule. Sista Mkuu alimwambia uzembe mmoja tu, anarudi nyumbani. Na sote tulijua kwamba akirudi nyumbani, hatatoka tena.

Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Je, kama moto haukufika juu? Je, kama yote ni mabichi? Ningeweza kumuuliza fundi, lakini niliona aibu kuonekana sijui. Masista walipoingia kwenye sala ya adhuhuri, nikachukua jembe, nikabandua udongo upande wa mashariki, nikachungulia. Matofali yalikuwa mekundu, yameiva. Nikafurahi sana. Halafu upepo wa kiangazi ukapita begani kwangu ukaingia ndani, nikasikia mlio kama bisi kwenye chungu. Nikaziba kwa haraka, nikaunguza kiganja, nikaondoka.

Tanuri lilipofunguliwa, upande ule wote ulikuwa umepasuka. Mzee Masanja akagusa udongo. "Hapa pamefunuliwa. Tena pamezibwa na mtu aliyekuwa akikimbia."

Sista Mkuu akamgeukia Kabula. Kabula akasema, "Mimi nilikuta ufa mdogo tu, Sista, nikaupaka." Akaambiwa akae kando, shauri lake litaamuliwa baada ya chakula.

Na mimi, mwalimu, nilikuwa nimesimama pale kimya. Usidhani nilikosa sababu. Nilikuwa nazo nyingi, zote nzuri. Desturi ya bwaloni ni ya masista na wanafunzi, haikusema lolote juu ya walimu. Nikisimama nitaaibisha mabinti wote wa huku. Baba ataficha wapi uso? Woga, mwanangu, una akili nyingi. Huvaa nguo za wajibu ukapishana nao usiutambue.

Mzee Masanja akanipita amebeba matofali. Akautazama mkono wangu, ambao nilikuwa nimewaambia watu umeungua kwa uji. "Mwalimu, uji umekuunguza?"

"Kidogo, mzee."

"Uji wa kwenu mkali." Akatua mzigo. "Binti yangu, mimi nimepasua matanuri kuliko umri wako, na bado naitwa fundi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini yule mtoto akienda, utamfyatua mwingine kwa udongo gani?"

Akajitwika tena mzigo wake, akaenda.

Nikaokota nusu ya tofali. Bwaloni walikuwa wamekwisha keti. Nilipita katikati ya meza, nikasimama mahali niliposimama zamani, nikiwa mwanafunzi, na vikombe nilivyovunja. Nikasema, "Ni mimi. Nililifunua tanuri. Kabula hana kosa."

Sista Mkuu akaniuliza, "Uliogopa nini?"

"Niliogopa hayajaiva, Sista."

"Na ulipoona yameiva?"

"Nikaogopa mtajua nimefunua."

Msichana mmoja akacheka, akaziba mdomo. Sista Mkuu naye alihangaika na uso wake usicheke. Kisha akamwendea Kabula, mbele yetu sote, akamwomba radhi kwa kumshuku. Kwangu akasema tu, "Kaa ule. Alasiri tuna matope."

Alasiri ile tulianza upya. Nilikanyaga udongo mbele ya wanafunzi wangu, na Kabula, aliyekuwa kando yangu, akasema, "Mwalimu, kanyaga kwa nguvu. Huu si mchezo wa harusi." Wakacheka, nikacheka. Chumba kilisimama kabla ya masika. Kabula alisomea humo, akaenda kufundisha Nyahanga, na wengine waliokaa humo wakaenda Chato, Geita, na vijiji ambavyo havikuwahi kuona mwanamke ameshika chaki. Baada yangu walibakishwa mabinti wengine wengi. Nikiwataja hapa jua litatua, na sitachoka.

Basi shika hili, mwanangu. Utakosea, usipoteze usingizi kwa hilo. Usilolijua uliza mapema, aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Kazi inayotaka muda iachie muda wake. Na ukivunja kitu, kibebe wewe mwenyewe mpaka mbele ya watu, kabla hakijawekwa mikononi mwa mnyonge. Heshima yako haitaishia hapo. Yangu ilianzia hapo.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu aitie nguvu mikono yako, akupe wakubwa wenye haki na wadogo wa kukucheka kwa upendo, na usiku alaze moyo wako pamoja na mwili.