Hedwiga na Maji ya Barabarani

Kila mvua zilipoanza, barabara ya udongo inayopita kijiji cha Mbuji ilisogea kuelekea kwa Hedwiga. Mbele ya nyumba yake palikuwa na tope la kumeza gurudumu zima, na madereva walilikwepa kwa kupita pembeni, ndani ya shamba lake. Mwaka wa kwanza walivunja mibuni miwili. Mwaka wa pili, mitano. Kiangazi napo vumbi lilimfuata hadi kwenye kahawa aliyoianika.

Ng'ambo ya barabara aliishi Bernadi, rafiki wa marehemu mumewe. Upande wake halikuguswa hata jani, na hilo ndilo lililomnyima Hedwiga raha. Akaanza kumchunguza: anatoka saa ngapi, jembe kalishika la nini, na mbona alichimba mtaro mbele ya nyumba yake mara tu baada ya msiba. Kanisani, wakati wa kupeana amani, alimpa mkono na kuutoa upesi.

Siku moja alivuka barabara.

"Shemeji, huo mtaro unapeleka wapi maji?"

"Bondeni," Bernadi alijibu bila kuinua macho. "Yasiingie jikoni."

"Na yakishafika barabarani?"

"Hayafiki barabarani, Mama Aidan."

Jibu lile fupi halikumridhisha. Mtu asiye na la kuficha, aliwaza, angeeleza zaidi.

Basi asubuhi moja mvua kubwa ilipopiga, alijifunika nailoni akatoka kwenda kumfumania. Alisimama kando ya mtaro wa Bernadi. Maji yalishuka bondeni, vilevile alivyosema. Lakini barabarani yalifurika maji mengine, mekundu. Akayafuata yalikotoka, akipanda kilima huku akiteleza, mpaka akajikuta katika shamba lake mwenyewe la mahindi.

Mumewe alikuwa akililima kwa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji mlimani. Alipofariki, Hedwiga hakuziweza peke yake. Akaweka vibarua, wakamlimia matuta ya kufuata mteremko. Sasa kati ya kila matuta mawili palikuwa na mfereji, na mifereji yote ilimwaga maji barabarani.

Alishuka amelowa chapachapa, akamkuta Bernadi barazani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka miwili, shemeji. Ukaniacha hivihivi."

"Ungesema nataka kukupangia shamba la marehemu. Tayari ulikuwa unaniangalia vibaya."

Hedwiga alimwomba amsaidie kuzirudisha ngolo. Mwezi Machi, wakati wa kuandaa shamba la maharage, walichimba ngolo pamoja, Bernadi na mkewe Luisa wakianzia juu, yeye chini. Mvua zilizofuata tope lilipungua, na magari yakarudi katikati ya barabara. Hata hivyo, kila Bernadi alipokaa kimya katikati ya mazungumzo, Hedwiga alimtazama kwa jicho la pembeni, akijiuliza ni kipi kingine anachokijua na hajamwambia.